Mgeni ni Yuleyule, Kampuni Imebadilika

Maneno niliyoyasema mbele ya waongoza watalii na madereva wa kujitegemea, Arusha, mwezi Mei, kabla ya msimu kuanza.

Wazee wetu mliotutangulia porini, shikamooni. Kaka zangu, dada zangu, wadogo zangu mnaoanza, habari za asubuhi. Na nyinyi mliopanda basi alfajiri kutoka Moshi, karibuni sana Arusha, poleni na mvua.

Mwezi huu magari yako gereji. Ukipita Sakina au Njiro unaona Land Cruiser zimeinuliwa juu ya mawe, springi ziko chini, fundi yuko uvunguni. Na sisi tuko nyumbani. Ndiyo maana nimeomba tuzungumze sasa, maana mwezi wa saba ukishaingia hakuna anayekaa chini kusoma mkataba. Simu ikiita unauliza jambo moja tu: wageni wangapi, siku ngapi.

Jambo lenyewe ni hili. Umefanya kazi na kampuni moja miaka minne. Karibu wageni wote unaowabeba wanaletwa na ajenti mmoja wa Ulaya. Siku moja yule ajenti anahamishia wageni wake kwenye kampuni nyingine ya hapahapa mjini, mtaa wa pili tu. Halafu anawaambia wenyeji wake wapya: dereva wetu ni fulani, mtafuteni. Usiku simu yako inaita. Mgeni ni yuleyule, njia ni ileile ya Tarangire, Kreta ya Ngorongoro na Serengeti, lodji ni zilezile. Kilichobadilika ni jina mlangoni mwa gari na mtu atakayekulipa.

Najua humu ndani tumegawanyika. Wapo wanaosema mgeni ni wa kampuni, ukimfuata umeiba. Wapo wanaosema mgeni ni wangu, mimi ndiye niliyekaa naye siku kumi, bosi hata sura yake haijui. Nimewahi kusimama upande wa pili kwa moyo wote, na ukanigharimu. Niruhusuni nisimulie.

Nilikuwa na miaka sita kwenye usukani. Palikuwa na mzee mmoja Mjerumani na mkewe, watu wa kutazama ndege wa porini. Simba kwao ilikuwa nyongeza tu. Walishakuja mara mbili, na mara zote mbili niliwabeba mimi. Tarangire tuliwahi kusimama dakika arobaini chini ya mbuyu kwa ajili ya kwenzi wa kijivu, kwa sababu ndege yule haonekani nje ya Tanzania, na mama yule alitaka kumchora kwenye daftari kwa mkono wake. Ajenti wao akahama kampuni. Mtu wa opereshini wa kampuni mpya akanipigia saa nne usiku. Nikakubali palepale, na sikumwambia mtu.

Nyumbani kwangu kulikuwa na vitu vitatu. Bahasha ya risiti za safari iliyopita, ambayo sikuwa nimeirudisha ofisini kufunga hesabu. Daftari langu lenye deni la posho ya safari mbili ambazo kampuni ya zamani haijanilipa. Na darubini ya kampuni, nzuri sana, yenye stika yao ubavuni. Nikajiambia: darubini nitairudisha nikitoka porini, na hesabu tutafunga hukohuko. Nikaiweka kwenye gari jipya.

Siku ya nne tukafika Naabi, lango la kuingilia Serengeti. Mnaijua foleni ya pale. Nimesimama dirishani na vibali mkononi, nyuma yangu akaja mwenzangu wa kampuni ya zamani. Akawaona wageni wangu kule kwenye meza za mawe, akaenda kuwasalimia, nao wakafurahi kumwona kwa sababu walimfahamu. Mzee wa Kijerumani akanyoosha darubini kumwonyesha mjusi yule wa kichwa chekundu na mwili wa bluu, wale wanaoota jua juu ya miamba pale. Stika ya kampuni yetu ya zamani ilikuwa imemkalia mzee kifuani. Mwenzangu hakusema neno. Aliitazama ile stika, akanitazama mimi, akarudi kwenye gari lake.

Tulipofika Seronera na mtandao ukashika, ujumbe wa bosi ulikuwa umeshafika: umeniibia wageni na vifaa.

Sikilizeni kilichofuata, maana ndicho kilichonileta hapa mbele. Posho ya safari mbili haikulipwa. Hesabu ya bahasha ikaongezewa vitu ambavyo sikuvitumia. Nilikuwa na haki kwenye ile fedha, lakini darubini ilinifunga mdomo. Kila nilipotaka kwenda kudai, niliona neno litakalokuwa la kwanza kutajwa. Nikakaa kimya. Na kibaya zaidi, kwa miaka miwili kila ofisi niliyoenda kuomba kazi walishasikia. Arusha ni mji mdogo kuliko tunavyodhani.

Sasa nirudi kwenye lile swali la mgeni ni wa nani. Waswahili walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni si mbuzi wa kufungwa kamba, ana miguu yake na fedha yake. Mwaka huu anakwenda kwa huyu, mwakani kwa yule. Ajenti wa nje naye hivyohivyo. Akihama kwa hiari yake kwa sababu bei imepanda au barua zake hazijibiwi, hakuna aliyeibiwa. Na akikuomba wewe kwa jina, ameomba kazi ya mikono yako, uliyoijenga kwa miaka. Hiyo hakuna kampuni inayoweza kuiweka kabatini.

Lakini kuna jambo jingine linalofanana na hilo kwa sura tu. Umekaa na wageni kwenye moto pale Ndutu, umevaa sare ya kampuni, umekula chakula cha kampuni, unamnong'oneza mgeni: mwakani nipigie mimi moja kwa moja, kuna ofisi nyingine ya bei nafuu. Hapo si mgeni aliyehama. Umemhamisha wewe, huku unalipwa ili umtunze. Ndugu zangu, tusilitafutie jina zuri. Na wapo wanaokwenda mbali zaidi, wanakodi gari la rafiki na kumpokea mgeni uwanja wa ndege wa KIA wenyewe, bila TALA, ile leseni ya biashara ya utalii. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka biashara hiyo iwe na leseni. Mgeni akiumia kwenye gari lile, nani anasimama naye?

Na hata pale mgeni anapohama mwenyewe, kuna visivyokuwa vyako. Orodha ya bei ya kampuni si yako. Barua pepe za wateja ulizotumiwa na ofisi si zako. Kopi za pasipoti za wageni zilizomo kwenye simu yako, ambazo ulitumiwa kwa ajili ya vibali, zifute. Tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya mwaka 2022, na taarifa ya mtu iliyochukuliwa kwa kazi moja haihamishwi kimyakimya kwenda kazi nyingine. Mgeni akikupa namba yake mwenyewe ili umtumie salamu za Krismasi, hiyo ni yenu wawili.

Sasa nataka nikae kwenye sheria ya kazi, na nitakaa muda mrefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo tunapopoteza fedha bila kujua.

Wengi wetu tunaitwa frilansa. Wengine wanatuita deiwaka. Ofisi inakwambia wewe si mwajiriwa wetu, unatoa huduma tu, inakukata asilimia 5 ya kodi ya zuio, mnaagana. Kama kweli wewe ni mtu wa kujitegemea, una kampuni tano zinazokupigia na wewe unachagua, sawa, chukua cheti cha hiyo kodi waliyokukata na utunze hesabu zako. Lakini jina walilokupa halimalizi jambo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kikiwapo hata kimoja kati ya vigezo saba. Namna unavyofanya kazi inaongozwa na yeye. Saa zako zinapangwa na yeye. Anakupa vitendea kazi. Unamtegemea yeye kwa kipato. Unamfanyia yeye peke yake. Wewe ni sehemu ya shirika lake. Na kingine: umemfanyia kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita.

Pigeni hesabu. Safari mbili za siku saba, saa 10 kwa siku, ni saa 140. Wastani wa saa 45 kwa miezi mitatu ni 135. Yaani safari mbili tu ndani ya miezi mitatu, kwa kampuni moja, ndani ya gari lao, na tayari una pa kusimamia. Sisemi kila mtu humu ni mwajiriwa. Nasema usikubali kuambiwa siku ya kuondoka kwamba hukuwa mtu wa kampuni, wakati miaka minne hukubeba mgeni wa mtu mwingine.

Hapo ndipo linapokuja swali ambalo nilitamani mtu aniulize kabla sijaingia kwenye gari jipya: nani amemaliza kazi?

Tuseme ajenti amehama na kampuni yenu ya zamani imebaki na magari sita bila wageni. Bosi anawaita. Anasema, vijana wangu, kazi hakuna, nendeni tu kule walikokwenda wageni, ila kila mmoja aniandikie barua ya kuacha kazi, tuachane kwa amani. Maneno ni matamu na chai ipo mezani. Ukiandika ile barua, wewe ndiye umeacha. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa kiinua mgongo pale mwajiri anapomaliza ajira: siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mpaka miaka 10, kama umefikisha miezi 12 mfululizo. Ukiacha mwenyewe, hakipo. Miaka minne ni mshahara wa siku 28, umeufuta kwa kalamu yako mwenyewe. Kama kampuni ndiyo imekosa kazi, iseme hivyo kwa maandishi, na ifuate utaratibu wa kupunguza wafanyakazi, ambao unaitaka itoe taarifa na ishauriane nanyi kwanza.

Kuna upande wa pili ambao lazima niwaambie, maana sikuja hapa kuwapaka mafuta. Sheria hiyohiyo inasema mwajiri akikupunguza kwa kukosa kazi, halafu ikapatikana nafasi mbadala, kwake au kwa mwajiri mwingine yeyote, nawe ukaikataa bila sababu ya msingi, kiinua mgongo unakikosa. Yeyote. Neno lile lisomeni mara mbili. Kwa hiyo kampuni ya zamani ikikutafutia kiti kwenye kampuni mpya, usitupe simu kwa hasira. Uliza: mshahara gani, tangu lini, na miaka yangu ya nyuma nani anailipa? Kisha jibu kwa maandishi.

Na ukiondoka mwenyewe kwa sababu umeitwa kwenye mazuri zaidi, hiyo nayo ni haki yako, ila toa notisi. Anayelipwa kwa mwezi, ni siku zisizopungua 28. Aliye na mkataba wa safari moja tu, amalize safari hiyo. Hilo la kumaliza nalisema kwa msisitizo. Mgeni aliyekwisha kulipa amana kwenye kampuni ya zamani kwa safari ya Agosti, yule bado ni wa safari ya Agosti pale. Usimvute katikati ya njia.

Mambo mengine nitayapita haraka. Namba yako ya NSSF ni ileile popote uendapo, ila kabla hujaondoka chukua taarifa ya michango uone kama ile asilimia waliyokukata ilifika. Dai cheti cha utumishi, ni wajibu wa mwajiri kukupa. Kama kioo au springi ilivunjika mikononi mwako, makato ya hasara yana utaratibu: uelezwe kwa maandishi, upewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya malipo yako. Na wakikufukuza isivyo halali, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inakupokea ndani ya siku 30. Madai mengine, kama malipo, ni siku 60. Hesabu siku hizo, maana ukikaa porini safari tatu mfululizo zimekwisha.

Kifungu cha kutofuata wateja nacho kimeanza kuonekana kwenye mikataba yetu. Kipo kilichoandikwa hivi: hutafanya kazi na mteja yeyote wa kampuni kwa miaka mitatu baada ya kuondoka. Mteja yeyote! Kampuni yenye maajenti arobaini ikikuwekea hilo, imekufungia mkoa mzima. Usisaini huku umesimama kaunta na injini inanguruma nje. Omba waandike majina ya maajenti, na muda uwe miezi. Halafu omba waongeze mstari mmoja: ajenti akihama kwa hiari yake na kuniomba kwa jina, sitahesabiwa nimemvuta. Nimewahi kuuomba mstari huo mara mbili. Mara moja wamekataa. Mara moja wameukubali bila neno, na bosi yule akasema hakuna aliyewahi kumuuliza.

Wenzetu wa Moshi, sijawasahau. Kule mlimani mnyororo ni mrefu zaidi: ajenti wa nje, kampuni, mkuu wa msafara, halafu wagumu, yaani wapagazi. Mpagazi anaweza kupanda na kampuni nne kwa msimu mmoja, lakini mtu anayemwita ni mmoja tu, yule mkuu wa msafara. Mkuu akihama kampuni, anahama na kikosi chote, wapishi na wapagazi. Vizuri. Ila deni la safari iliyopita halihami. Nimewakuta vijana getini Machame wanapimiwa mizigo ya kilo 20 kupanda na kampuni mpya, na fedha ya safari ya njia ya Umbwe ya mwezi uliopita bado iko kwa kampuni ya zamani, na hakuna hata mmoja wa kwenda kuidai kwa sababu mkuu wao hataki tena kukanyaga ofisi ile. Nyinyi mlio wakuu wa misafara, kabla hamjamwambia kijana twende kwa tajiri mpya, hakikisheni kwanza amelipwa na yule wa zamani. Yeye hana namba ya bosi. Ana namba yako.

Na nyinyi wenye kampuni mliokuja, ahsanteni kwa kukaa kusikiliza. Mkiona dereva mzuri anaondoka na ajenti, najua uchungu wake. Lakini mkizuia posho ya mtu ili kumwadhibu, kila dereva aliyebaki kwenu anatazama, na anajifunza kuondoka usiku.

Mara ya pili ilinikuta miaka mingi baadaye. Ajenti mwingine, kampuni nyingine, simu ileile ya usiku. Safari hii nilisema: nipeni siku mbili. Jumatatu asubuhi nilikwenda ofisi ya zamani, nimebeba redio, darubini, funguo na bahasha ya risiti iliyokamilika. Mkononi barua ya ukurasa mmoja: ajenti wenu amehama, ameniomba kwa jina, sikumwomba, natoa notisi ya siku 28, safari zangu mbili zilizopangwa nitazimaliza, hivi ndivyo vifaa vyenu, na hili ndilo deni langu. Bosi alikasirika. Sitawadanganya, aliifunga ile barua akaitupa mezani, na hakunipa mkono. Katibu muhtasi alinigongea muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu huku anatetemeka. Zile safari mbili nilizimaliza, kila mgeni nikamrudisha KIA salama. Wiki ya tano deni langu likalipwa lote. Msimu uliofuata, mvua ilinikwamisha kwenye udongo mweusi kati ya Ndutu na Naabi, gari limezama mpaka ekseli, na aliyesimama kunivuta alikuwa dereva wao. Alisema bosi amemwambia kwenye redio asiniache pale.

Nakala ya barua ile nimekuja nayo. Majina nimeyafuta. Iko pale mezani karibu na chupa za chai, na karatasi tupu zipo. Wenye mikataba mifukoni, leteni viti tukae tuisome mstari kwa mstari, tukianza na wa Moshi maana basi lao ni la saa kumi.